Ngozi ya Baba Mkwe

Mteja aliinuka kwenye kiti kichwa chake kikiwa kimenyolewa upande mmoja tu. Alivua kitambaa cheusi shingoni, akakiweka juu ya kiti polepole kana kwamba hakutaka kutuudhi, akasema amekumbuka mahali anapohitajika. Mume wangu alibaki ameshika mashine ikinguruma hewani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikimsuka msichana mmoja wa chuo, na kupitia upenyo nilimwona yule mtu akitoka, akivuta kofia hadi masikioni. Nilijua alichokiona. Siku hiyo kulikuwa na joto, na mume wangu alikuwa amekunja mikono ya shati bila kufikiri.

Kibanda chetu kilikuwa Kitale, kwenye njia inayoelekea Kipsongo, chumba kimoja cha mabati tulichokigawanya kwa pazia. Yeye alinyoa mbele, mimi nilisuka nyuma. Wateja wetu walikuwa watu wa vibarua na wauzaji wa sokoni, na Jumamosi wakulima walioshuka kutoka Endebess kununua mbolea. Kazi ya kinyozi ni kugusa nyuso za watu, na mikono ya mume wangu ilikuwa imeanza kubadilika.

Ilianza kwenye viwiko. Mabaka yaliyoinuka, rangi ya zambarau chini na magamba meupe juu, kama rangi ya ukuta inayobanduka. Kisha yakatokea nyuma ya masikio, magotini, na kwenye mstari wa nywele. Asubuhi nikikung'uta shuka, magamba yaliruka kwenye mwanga wa mlangoni. Mwanzoni tulisema ni mba. Halafu tukasema ni choa, amekipata kwa wateja, na hilo lenyewe lilikuwa baya vya kutosha, kwa sababu kinyozi mwenye choa ni kama mpishi anayehara.

Mwenye duka la dawa alitupa krimu. Ilifanya kazi kiasi cha kutufanya tumwamini. Mabaka yalififia, tukanunua nyingine, tukanunua nyingine tena, na mume wangu alipoiacha yalirudi mapana kuliko mwanzo, yenye moto, yakapanda mgongoni. Alianza kuvaa shati la mikono mirefu kazini na kulifunga vifungo vya mikononi. Lakini huwezi kumnyoa mtu ndevu bila mikono yako kuwa mbele ya macho yake, na kucha zake nazo zilikuwa zimeanza kuharibika.

Watu wa mtaa hawakusema kitu. Waliacha tu kuja. Wangu mimi waliendelea kuja, wakapita haraka mbele ya kiti chake wakiingia nyuma ya pazia. Siku moja mteja wangu wa siku nyingi, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, aliniambia kwa sauti ya chini, "Pole, dada. Wewe na ngozi safi hivyo, halafu unaletewa mambo ndani ya nyumba." Hakusema ni mambo gani. Nilimaliza mistari yake, kisha niliona nimesuka upande mmoja ukiwa umekaza zaidi ya mwingine.

Ukweli ni kwamba neno lile nilikuwa nimeshalifikiria kabla yake. Kila asubuhi kabla ya kuvaa nilijikagua. Nilipitisha vidole kwenye viwiko, nyuma ya magoti, chini ya matiti. Nikikuta ngozi laini nilipumua. Nilijiambia kwamba kama kungekuwa na kitu mwilini mwangu, kingekuwa kimeshajionyesha. Halafu mchana nilijikagua tena.

Hatimaye tulienda hospitali ya serikali. Mume wangu alisema anaenda kwa ajili ya ngozi, lakini muuguzi alipomwangalia aliuliza kama angependa kupimwa na virusi pia, na yeye akanitazama. Tulipimwa pamoja, kwenye chumba kimoja. Majibu yalikuwa sawa: sote wawili tulikuwa na virusi vya Ukimwi. Muuguzi alitaka kujua kama tuna mtoto. Binti yetu alikuwa anaanza darasa la kwanza wakati huo. Tulimleta kesho yake, na yeye akaonekana hana. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la nje waliponiambia, nikamwita mtoto nikampakata.

Kilichonishtua zaidi kilikuja baadaye, walipotusomea kipimo cha kinga ya mwili. Nilidhani muuguzi amechanganya majibu. Kinga ya mume wangu ilikuwa imeshuka, lakini si sana. Yangu ilikuwa chini, chini kabisa, kiasi kwamba alinitaka nipigwe picha ya kifua siku hiyo hiyo. Nilimwomba aangalie tena jina. Aliangalia. Nikamwambia, mimi sina hata kipele. Akasema kwa upole kwamba wako wengi wanaokuja wakiwa wanang'aa na damu yao iko taabani, na wengine wanakuja wakiwa wamechubuka mwili mzima na damu yao bado ina nguvu, kwa hiyo nisiisome ngozi kama majibu ya maabara. Nilirudi nyumbani nikiwa siamini mwili wangu. Kama ngozi haikuweza kuniambia jambo kubwa namna ile, ni kitu gani kingine ilikuwa inanificha?

Ni nani alimletea mwenzake hatukujua, na hatujui hadi leo. Tuliulizana mara moja tu, tukiosha vyombo. Kila mmoja alieleza maisha yake ya kabla ya ndoa, na tulipomaliza hakuna aliyekuwa na uhakika. Alinipa kikombe nikakifuta. Hatujalirudia swali hilo.

Tulianza dawa za virusi siku ile ile, dawa za aina moja. Mimi nilisikia kizunguzungu kidogo kikapita. Yeye, baada ya majuma machache, mwili wake ukawaka. Mabaka yaliungana kifuani na mgongoni, yakapasuka kwenye viungo, akawa anatembea kama mtu aliyevaa nguo za mbao. Alipolala shuka lilimshika. Hospitali walisema avumilie, kwamba wakati mwingine mwili unapoanza kupata nguvu huleta fujo kwanza, nao wakamwandikia amwone daktari wa ngozi, ambaye kwa wakati huo hakuwapo Kitale. Lakini yeye alikuwa ameshapata jibu lake.

"Hii dawa inanichoma," aliniambia. "Kabla ya dawa nilikuwa na mabaka. Sasa mimi mwenyewe ndio baka."

Tangu siku hiyo nilikuwa nasimama mbele yake akimeza, nikiangalia koo lake lipande na kushuka. Aliona ninavyomwangalia, akanifungulia mdomo kama mtoto anayeonyesha amekula. Sikucheka. Kibanda alishakifunga. Mimi nilisukia wateja nyumbani, na kila aliyeingia nilimwangalia macho kuona kama anatafuta mlango wa chumba cha kulala.

Mama yake alipiga simu akasema mwanawe aje apumzike nyumbani. Kwao ni nje ya mji wa Bungoma, mahali ambapo ukitazama kaskazini asubuhi kabla ya mawingu unaona Mlima Elgon na mashamba ya Cheptais kwenye mteremko. Shule zilikuwa zimefungwa, tukaenda sote watatu. Tulikubaliana njiani kwamba tutasema ni ugonjwa wa ngozi, basi. Vidonge niliviweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya nguo za mtoto.

Mama mkwe alimwangalia mwanawe mlangoni, kisha akaniangalia mimi, kuanzia usoni hadi miguuni.

"Mmoja anakwisha, mwingine ananawiri," alisema, akachukua mzigo wangu akaingia nao ndani.

Hapo nilielewa nimesimama wapi. Kitale walinihurumia kwa sababu ya ngozi yangu: mwanamke safi aliyeharibiwa na mume. Bungoma walinishuku kwa sababu ya ngozi hiyo hiyo: mwanamke anayemla mumewe polepole. Siku za kwanza mama mkwe alipika mwenyewe chakula cha mwanawe na hakuniruhusu nikiguse. Nilikuwa na hofu mbili kwa wakati mmoja, kwamba wataligundua lile kopo, na kwamba yeye ataacha kumeza kwa sababu sina nafasi ya kusimama mbele yake.

Baba mkwe alikuwa mtu mkimya, aliyewahi kusimamia mizani ya miwa kiwandani na sasa alikuwa na ng'ombe wake wawili. Sikumjua vizuri, na hilo halikuwa ajabu. Kwetu Wabukusu mke wa mwana hakaribiani na baba mkwe. Hamshikani mikono, hukai kiti kilicho jirani na chake, ukikutana naye kwenye kijia unampisha. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimemwona kwa mbali, akiwa na shati la mikono mirefu hata jua likiwa kali. Alikula peke yake, kwenye kigoda chake karibu na mlango, kwa sahani yake ya bati yenye ua la buluu, ambayo ilioshwa peke yake na kuwekwa mahali pake. Nilidhani ni heshima ya mzee.

Asubuhi moja nilizunguka nyuma ya ghala la mahindi kutafuta magunzi ya kuwashia moto. Mume wangu alikuwa ameketi pale juani, amenipa mgongo, hana shati. Mgongo wote ulikuwa umefunikwa na magamba, na alikuwa akijipaka mafuta anakoweza kufika.

"Mbona umeacha chai ikapoa?" nilimwambia.

Aligeuka. Hakuwa mume wangu. Alikuwa baba yake.

Nilijua ninachopaswa kufanya, kuinamisha uso na kuondoka haraka, na kisha kumwomba mama mkwe radhi. Lakini nilibaki nikiyatazama yale mabaka. Yeye naye hakuvuta shati lake. Alifunika kopo la mafuta, akaweka mikono magotini.

"Usikimbie, mama," alisema. "Umeshaona." Kisha akauliza, "Na ya mwanangu imefika mgongoni?"

Nilimjibu nikiangalia chini kwamba imefika, na imepita. Akatikisa kichwa. Aliniambia nimwite mwanawe.

Mume wangu aliniambia baadaye kwamba alikuwa anajua baba yake ana kitu kwenye mikono, na tangu utotoni alikuwa ameambiwa ni kovu la moto. Asubuhi ile baba alimweleza yote, na mimi nilisikia nikiwa upande wa pili wa ghala, kwa sababu hakuna aliyenifukuza. Ilimwanza akiwa kijana, kabla hajaoa. Alipelekwa kwa waganga kule juu Cheptais, wakasema babu yake aliapa uongo kwenye kesi ya shamba na kiapo kinadai. Walichinja kondoo. Baadaye aliokoka, wazee wa kanisa wakamwombea, ikatulia mwaka mmoja ikarudi. Mke wake alipopata mtoto wa kwanza alitenga sahani na kikombe chake, na yeye akakubali, kwa sababu alidhani anawalinda watoto. Hakuwahi kumbeba yeyote kati yao akiwa hajavaa shati.

"Nilifikiri nimekukwepesha," alimwambia mwanawe. "Kumbe ilikuwa inakungoja."

Niliposogea niliona wameweka mikono pamoja kwenye jua, mkono wa baba na mkono wa mwana, viwiko vimegusana. Usingejua kipi ni cha nani isipokuwa kwa makunyanzi.

Ningependa kusema kwamba nilifurahi. Kwa muda mfupi nilifurahi. Lakini jioni nilipotoa vidonge kwenye kopo, mume wangu alikaa kitandani akitabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi, na hakunyoosha mkono.

"Si umeona?" alisema. "Hii ni ya ukoo. Baba ako nayo miaka yote na ni mzima, analima. Wale watu wa Kitale waliona ngozi wakaamua ni virusi. Mashine yao iliongopa."

Nilimwambia tulipimwa zaidi ya mara moja. Akasema mashine ni mashine. Nilimwambia dawa ikiachwa virusi vinaizoea. Akasema hana virusi, ana ngozi ya babake, na dawa ndiyo iliyoichochea. Alikuwa anaongea kwa furaha, na furaha yenyewe ndiyo iliyonitisha, kwa sababu huwezi kubishana nayo. Mwishowe nilisema kitu ambacho sikuwa nimekipanga.

"Mimi ngozi yangu ni safi," nilisema. "Kwetu hakuna mwenye magamba. Kwa hiyo mimi sina?"

Alishusha macho kwenye kopo.

"Nijibu. Kama ngozi ndiyo inayosema, mimi ni mzima, na wewe umeoa mtu ambaye hana chochote. Basi nami nizitupe zangu?"

Aliangalia mikono yangu kwa muda. Nilikuwa nimeshika vidonge viwili, chake na changu, vinafanana. Alichukua kimoja akameza bila maji. Alisema atameza hadi tuonane na daktari wa ngozi, na baada ya hapo ataamua mwenyewe. Siku zilizofuata sikulala vizuri. Nilimsikiliza akijikuna, nikawa nasubiri daktari huyo kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Tulipata nafasi kwenye hospitali moja mjini Bungoma, ambako daktari wa ngozi alikuja siku fulani za juma. Baba mkwe alisema naye ataenda. Alivaa koti lake la kanisani. Tulikaa kwenye benchi, yeye mwisho mmoja, mimi mwisho mwingine, mume wangu katikati.

Tuliingia sote watatu. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Aliwaomba wote wawili wavue mashati. Alichukua kijiti akakwangua gamba la mume wangu taratibu, na chini yake vikatokea vitone vidogo vya damu kama vya sindano. Akafanya vile vile kwa mzee, yakawa yale yale. Kisha akaomba kucha zao, akazigeuza kwenye mwanga. Za wote wawili zilikuwa na vishimo vidogo vidogo. Alisema hahitaji kutafuta zaidi, ugonjwa huu unaitwa soriasisi. Akamuuliza mume wangu kama kuna dawa yoyote anayotumia.

Mume wangu alimwangalia baba yake, akaangalia sakafu. Sikujua atasema nini. Nilishika mkoba wangu kwa nguvu hadi kamba ikaniachia alama.

"Niko na virusi," alisema. "Na mke wangu pia. Tunameza dawa. Baba hajui."

Mzee aliendelea kufunga vifungo vya shati lake, akaruka kimoja, akaanza upya.

Daktari alitutengea muda wa kutosha. Alituambia kwamba soriasisi haiambukizi, si kwa sahani, si kwa shuka, si kwa mkono. Ni jambo la mwili wenyewe. Kinga inayopaswa kupigana na magonjwa inakosea, inaipiga ngozi, nayo ngozi inajijenga haraka kupita kiasi hadi inajaa magamba. Mwelekeo huo mtu huzaliwa nao, huupata kwa wazazi, ingawa si kila anayezaliwa nao huugua. Wengine hukaa nao maisha yote ukiwa umelala. Mzee aliuliza kuhusu kiapo. Daktari hakucheka. Alisema hajui habari za viapo, ila anazijua familia nyingi zenye ngozi kama hii, na hazikuwa na kesi za shamba.

Kisha akamgeukia mume wangu. Alisema virusi havikumletea soriasisi, lakini huenda ndivyo vilivyoiamsha. Virusi vinaua zaidi seli za aina moja kwenye kinga, zile zinazoongoza nyingine. Zinazobaki zinakosa mpangilio, na kwa mtu aliyezaliwa na mwelekeo ule zinaweza kuishambulia ngozi kwa ukali. Ndiyo sababu mtu ambaye kinga yake imedhoofika anaweza kuwa na ngozi inayopigwa na kinga hiyo hiyo. Na dawa zikianza kazi, huweza kuwa na fujo mwanzoni kabla ya kutulia. Akiziacha, alisema, ngozi haitapona, na mengine yatafuata ambayo si ya ngozi.

Nilikuwa sijapanga kuuliza, lakini niliuliza. Mbona mimi, mwenye kinga ya chini kuliko yake, sina hata alama?

Alisema kwa sababu sikuzaliwa na mwelekeo huo. Akavua miwani. Alisema kuna jambo atatuambia ila tusilishike kama ahadi. Wataalamu wameona kwamba baadhi ya sifa za kurithi zinazoleta soriasisi huambatana pia na mwili unaovizuia virusi kwa muda mrefu zaidi. Si kwa kila mtu, na hakuwa amempima mume wangu kujua kama ni mmoja wao. Lakini inawezekana kile kinachomharibia ngozi ndicho kilichomwachia kinga yake ikiwa bado juu.

Niliangalia mikono ya wale watu wawili, magamba na vishimo vya kucha, vitu nilivyokuwa nimevichukia na kuvifagia kila asubuhi, na nikaona wivu. Ni ajabu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikaa pale na ngozi yangu laini nikajihisi kama nyumba isiyo na mlango.

Mzee aliinua kichwa. "Kwa hiyo nilichompa," aliuliza, "hakikumwua?"

"Hajafa, mzee," daktari alisema. "Yuko hapa. Ameze dawa."

Mzee aliomba naye apimwe virusi, papo hapo, na hakuwa navyo. Alipewa mafuta meusi mazito yenye harufu ya lami, na mwanawe akapewa hayo hayo pamoja na mengine ya kichwani. Tulipotoka nje alitangulia mbele yetu hadi barabarani. Hakusema lolote kuhusu virusi, si siku ile wala baadaye. Aliponunua ndizi alimpa mume wangu mkungu aubebe, akasema ni za mtoto.

Nyumbani mambo hayakubadilika kama nilivyotegemea. Baba mkwe alileta kigoda chake mezani jioni hiyo na kusema daktari amekataa habari ya sahani. Mama mkwe alisimama na mwiko mkononi, akampakulia kwenye ile ile ya ua la buluu, na akaiosha peke yake. Aliendelea hivyo kwa muda mrefu. Nilidhani ni ukaidi. Sasa nadhani alikuwa anaogopa, kama mimi tu, na hofu ya miaka mingi haiondoki kwa neno la mtu mwenye miwani.

Mume wangu ndiye aliyemwambia mama yake kuhusu virusi, siku chache kabla hatujaondoka. Mama mkwe alilia. Kisha akaja nilipokuwa naanika nguo.

"Na wewe?" aliniuliza.

"Na mimi, mama. Yangu ni mbaya kuliko yake."

Aliniangalia tena kama siku ile ya kwanza, usoni hadi miguuni, akitafuta. Hakupata kitu. Jioni alinipakulia chakula kingi kuliko cha mwanawe. Sijui ilikuwa huruma au woga, lakini nilikula chote.

Walichokuwa wakifanya baba na mwana kila asubuhi hadi tulipoondoka ni kukaa nyuma ya ghala juani, mmoja akimpaka mwenzake mgongo. Uani kote kulinuka lami. Mume wangu hakuwahi kuniambia kwamba ameamua kuhusu vidonge. Aliendelea tu kumeza, na mimi niliendelea kuangalia koo lake, hadi siku moja Kitale nilipogundua amemeza nikiwa nje na sikuwa nimekumbuka kuogopa.

Ngozi yake ilichukua miezi kutulia, na haikuisha. Mgongo ulisafika, viwiko vimebaki, kichwani inakuja na kwenda. Tulifungua tena kibanda, upande mwingine wa mji. Huvaa mikono mifupi. Mtu akiuliza humwambia ni ya baba yake, haiambukizi, na wengine hukaa, wengine hukumbuka mahali wanapohitajika. Vipimo vyake vya virusi vimekuwa vizuri.

Vyangu pia, siku hizi. Lakini kinga yangu ilipokuwa inapanda, nilitokwa na malengelenge upande mmoja wa mbavu, kama mkanda, yakiungua kiasi kwamba sikuweza kuvaa sidiria. Muuguzi alisema ni tetekuwanga ya utotoni iliyokuwa imelala mwilini, ikaamka. Yalikauka yakaacha kovu jeusi. Mume wangu alinipaka dawa, na alipomaliza alisema sasa tuko sawa. Nilimwambia hilo si jambo la kuchekea, halafu nikacheka.

Kinachoniamsha sasa ni mtoto. Virusi hana, lakini ni mjukuu wa babu yake. Nilimuuliza daktari kama kuna kipimo cha kujua, akasema hata kikionyesha amezaliwa na mwelekeo ule hakitaniambia kama utaamka, na akanishauri nisimwangalie kila siku. Najaribu. Jumapili iliyopita nilikuwa namsuka mlangoni nikaona ganda jeupe nyuma ya sikio. Nililikwangua kwa ukucha, likatoka bila damu. Nikagawa nywele upande wa pili, nikatafuta na huko.

"Mama, unaniumiza," alisema.

Nilimwambia atulie, namaliza.